Wagomvi wa kuzikana

Miaka mingi kabla ya makundi ya WhatsApp, watu wa California walikuwa wakigombana kwa kompyuta usiku kucha. Uwanja wao uliitwa The WELL. Ulianzishwa mwaka 1985 na Stewart Brand, mhariri wa Whole Earth Catalog, pamoja na Larry Brilliant, daktari aliyeshiriki kutokomeza ndui nchini India. Ofisi ilikuwa Sausalito, karibu na San Francisco. Mwanachama aliunganisha kompyuta yake na simu ya nyumbani, akasoma maandishi matupu, akajibu. Alilipa dola 8 kwa mwezi na dola 2 kwa kila saa.

Sharti la kwanza lilikuwa jina halisi la kila mtu lijulikane. La pili, kila mtu ni mwenye maneno yake, na atayajibia mwenyewe. Waendeshaji Cliff Figallo na John Coate walikuwa wameishi miaka mingi katika kijiji cha ujima huko Tennessee, wakijua kwamba wanaokaa pamoja hawakosi kukwaruzana. Hivyo wakawa wanawakaribisha wanachama ofisini kwa tafrija. Uliyemtukana juzi ungekutana naye kwenye meza ya chakula.

Ugomvi haukuisha, na mwingine uliacha majeraha. Mwaka 1990 mwanachama mmoja aliyezoeleka kwa ubishi alifuta kila alichowahi kuandika. Maneno yalikuwa yake, haki ya kuyafuta alikuwa nayo. Mijadala ya miaka ikabaki na mapengo: majibu yapo, hoja iliyojibiwa haipo. Wenzake walikasirika. Wiki chache baadaye alijiua, na waliokuwa wakimlaumu wakabaki na majonzi.

Lakini watu haohao walijua kushikana. Howard Rheingold, katika kitabu chake The Virtual Community cha mwaka 1993, anaeleza jinsi mzazi mmoja alivyoandika kuwa mwanawe amepatikana na saratani ya damu. Wauguzi, madaktari na waliowahi kuugua walijitokeza kumweleza, kumshauri na kumfariji. Na Tom Mandel, mmoja wa wabishi wakali kuliko wote, alipopata saratani ya mapafu, aliwaambia wenzake palepale walipokuwa wakipigana maneno. Wakakaa naye kwa maandishi mpaka alipofariki Aprili 1995.

Ndiyo maana The WELL haikufa. Kampuni ya Salon iliinunua mwaka 1999, na ilipotaka kuiuza mwaka 2012, wanachama wenyewe walichanga wakainunua kwa dola 400,000. Watu hawachangii kitu wasichokiona kuwa ni chao.

Leo kila ukoo, kila mtaa na kila darasa lililomaliza shule lina kundi lake la simu, na mengi huvunjika kwa neno moja la hasira. Wewe unayesimamia kundi, wajue watu wako kwa majina, weka kanuni kabla ugomvi haujaanza, na usikimbilie kumtoa mtu. Waite wanakundi mkutane ana kwa ana, hata mara moja kwa mwaka. Na ukibishana na mwenzako leo, bishana naye kama mtu ambaye kesho utakwenda kumjulia hali hospitalini.