Kiasi cha Upinde: Habari za Sanaa Iliyotangulia Chai katika Milima ya Kericho na Bomet

Zamani, kabla milima ya Kericho na Bomet haijavishwa vazi lake la majani ya chai, Mkipsigis aliyetaka damu ya ng'ombe apate kuichanganya na maziwa hakumchinja mnyama wake. Alimfunga ukanda shingoni mpaka mshipa mkubwa ukafura, akasimama karibu naye, akavuta upinde mdogo na kumpiga kwa mshale uliofungwa kizuizi nyuma ya ncha, ili chembe itoboe ngozi na mshipa wala isizame zaidi ya hapo. Damu ilikingwa chomboni, ukanda ukafunguliwa, jeraha likafumba, na ng'ombe akarudi malishoni. Lau upinde ule ungalikuwa na nguvu kupita kiasi, ungalimwua mnyama na kumfilisi mwenyewe. Lau ungalikuwa dhaifu mno, ungalimtesa mnyama bure. Nguvu yake ilikuwa sharti itoshe haja iliyokusudiwa, na fundi aliyeikadiria hakuwa na mizani wala rula, bali jicho lake, mkono wake na kisu chake.

Habari za makadirio hayo ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu watu wengi wa zama zetu hudhani kwamba upinde bora ni ule ulio mgumu kuliko yote, ilhali waliouchonga na kuutumia walijua kwamba ubora wake ulikuwa katika kiasi.

Wakipsigis na ndugu zao Wanandi huuita upinde kwanget. Umbo lake ni sahili: ufito mmoja wa mti, usiogundishwa wala kuunganishwa, na upote wa ukano wa mnyama uliosokotwa. Lakini usahili wa umbo haumaanishi wepesi wa kazi. Kwanza hutafutwa mti ulionyooka nyuzi, usio na kifundo. Katika Afrika Mashariki miti ya jamii ya mkole imesifiwa sana kwa kazi hii, na katika nyanda za juu mmoja wa miti inayofaa ni ule ambao Wakipsigis huuita silibwet, jina linalosikika hata leo katika kituo cha biashara kilichoko wilaya ya zamani ya Bomet. Mti ukishakatwa hauchongwi kuwa upinde siku ile ile. Nchi ya Kericho ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na mti wenye maji ndani yake hupindika ukabaki umepinda, usirudi kwa nguvu mahali pake; basi ni lazima ukaushwe taratibu kivulini, au darini ambamo moshi na joto la moto wa jikoni huufikia polepole bila kuupasua.

Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Upinde una mgongo, ule upande unaoelekea shabaha, na una tumbo, ule unaomwelekea mpigaji. Upinde ukivutwa, nyuzi za mgongo hunyooshwa na za tumbo hubanwa. Kwa hiyo fundi huuacha mgongo salama, asikate nyuzi zake, na kisu chake hupita tumboni na ubavuni. Tena hapana budi ajue tofauti ya kupunguza upana na kupunguza unene. Ufito wenye tumbo na mgongo bapa ukipunguzwa upana sehemu moja katika kumi, ugumu wake hupungua sehemu moja katika kumi vilevile. Lakini ukipunguzwa unene kwa kadiri hiyo hiyo, ugumu hupungua zaidi ya robo. Kwa sababu hiyo, siku za mwisho fundi haondoi vipande bali vumbi, na kisu hakikati tena, hukwaruza tu.

Akishakaribia umbo, hufunga upote uliolegea, akauvuta kidogo, na kutazama namna mikono miwili ya upinde inavyojipinda. Palipo pagumu hapapindi, na hapo ndipo pa kukwaruzwa. Palipo dhaifu hupinda kupita wenzake, na hapo hapaguswi tena hata kidogo, kwa maana penye udhaifu ndipo patakapovunjika, na wahenga wametuambia kwamba kamba hukatikia pembamba. Baada ya kila mkwaruzo upinde huvutwa mara nyingi, nusu nusu, ili mti uzoee umbo jipya na udhihirishe kilichofichika ndani yake, kisha hutazamwa upya.

Katika kazi hii kuna kanuni moja ambayo mwanafunzi akiipuuza hupoteza kazi ya miezi: upinde usiokwisha usivutwe kwa nguvu kubwa kuliko ile inayokusudiwa mwishowe. Ikiwa upinde umekusudiwa uvutwe kwa nguvu ya ratili 40, basi tangu mwanzo fundi huuvuta mpaka afikie ratili 40 na hapo husita, hata kama upote umesogea inchi chache tu. Mti unavyopunguzwa, mvuto ule ule wa ratili 40 huufikisha upote mbali zaidi, hatua kwa hatua, mpaka siku moja ufike kidevuni pa mpigaji. Siku hiyo upinde umekwisha, na kisu huwekwa chini.

Na je, ikiwa mkono umepita kiasi, upinde ukawa laini? Zipo tiba, lakini ni chache na zina mipaka. Fundi aweza kufupisha ncha zote mbili kwa kadiri moja, kwa kuwa upinde mfupi ni mgumu kuliko mrefu wenye unene ule ule. Aweza kuukausha zaidi, ikiwa bado una unyevu. Aweza kusokota upote ukawa mfupi kidogo, akaongeza mvuto kwa kiasi hafifu. Lakini upinde uliofupishwa mno huvunjika upesi, na mti uliokwisha kuondolewa tumboni haurudishwi. Fundi wa chuma aweza kuyeyusha kosa lake akafua tena. Fundi wa upinde hana ruhusa hiyo.

Tukienda pande nyingine za dunia tutaona namna haja ilivyoamuru kiasi. Merikebu ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoopolewa mwaka 1982 zilipatikana ndani yake pinde ambazo nyingi zilikadiriwa kuwa na mvuto wa ratili 100 na zaidi, kwa kuwa zilichongwa kupiga watu waliovaa mavazi ya chuma. Kwetu Kenya, Wawata wa nyika ya Tsavo, wawindaji wa ndovu, walivuta pinde ambazo mvuto wake uliweza kupita ratili 100 vilevile, ili mshale upenye ngozi nene. Lakini mwindaji wa wanyama wadogo aliyekuwa na sumu ya msunguti hakuhitaji nguvu hiyo: mshale wake ulitakiwa kufika na kuchoma tu, na sumu, ambayo husimamisha moyo, ilimaliza kazi. Mkemia wa Kifaransa Arnaud aliichuja sumu hiyo katika mti wa jamii ya msunguti mwaka 1888, lakini wawindaji wa Afrika Mashariki walikuwa wameijua muda mrefu kabla yake.

Historia ya nchi ya Kericho haikuiachia sanaa hii nafasi kubwa. Mwaka 1905 jeshi la Kiingereza liliwaendea watu wa Sotik kwa bunduki, na mikuki na mishale haikufua dafu. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza mashamba makubwa ya chai, na pahali pa miti ya asili pakasimama michai, pamoja na mikaratusi iliyopandwa kwa kuni za kukaushia majani yake. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Hata Waogiek wa msitu wa Mau, ambao kwao uwindaji na asali vilikuwa maisha, ilibidi wadai haki yao mpaka Arusha, ambako Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa hukumu ya ushindi tarehe 26 Mei 2017.

Fauka ya hayo, upinde ulipatwa na balaa lililo kubwa kuliko kusahauliwa. Katika ghasia za mwaka 1992, na katika zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mishale ilirushwa baina ya jirani na jirani katika Bonde la Ufa. Chombo kilichopimwa kwa uangalifu ili ng'ombe asife kiligeuzwa kuwa cha kumwua mwanadamu, na tangu hapo mzazi akimwona mwanawe ameshika upinde huingiwa na hofu kabla ya fahari. Hofu hiyo naielewa na kuiheshimu. Walakini sikubali kwamba dawa yake ni kuizika sanaa pamoja na dhambi za walioitumia vibaya.

Njia nyingine ipo, nayo imekwisha kuonekana. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, aliyeibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi alikuwa mpiga upinde, Shehzana Anwar. Basi walimu wa ufundi katika shule za Kericho na Bomet, na nyinyi wazee ambao mikono yenu ingali yaukumbuka uzito wa kwanget, wapeni vijana ufito mkavu wa silibwet na kisu, mkawafundishe kuchonga kwa subira na kuacha kwa wakati. Kijana aliyejifunza kwamba kilichoondolewa hakirudi atakuwa mwangalifu wa mti, na tena wa jirani yake.