Arobaini ya mzazi: Siku za kumtunza mama, si mtoto pekee

Katika Kiswahili cha pwani, mzazi si kila mwenye mtoto. Ni mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye bado yumo ndani ya siku zake arobaini. Maana hiyo imefifia huku bara, ambako neno lenyewe husikika zaidi katika barua za walimu wakuu na mikutano ya shule. Hata hivyo maana hii ya zamani ina jambo la kufunza: lugha iliona haja ya kumtenga mwanamke wa aina hii kwa jina lake, kwa kuwa hali yake si ya mjamzito tena na wala si ya mwanamke aliyekwisha kurejea katika shughuli za kawaida.

Arobaini huhesabiwa tangu siku ya kujifungua. Katika muda huo mzazi hatarajiwi kupika, kuteka maji wala kufua. Kwa mimba ya kwanza, desturi katika familia nyingi za Waswahili ilikuwa mwanamke kurejea kwa mamaye mimba inapofikia miezi saba hivi, akajifungulia huko na kukaa mpaka siku zake zitimie. Mume huja kumwona, huleta matumizi, kisha hurudi kwake. Waliodhani kuwa huku ni kumnyima mume haki yake hawakuwa wameelewa shabaha. Mwari wa jana alirejeshwa mikononi mwa mtu pekee ambaye angeweza kumlilia bila haya.

Kazi kubwa ya siku hizo ni kukanda. Mkunga, au mwanamke mtu mzima wa ukoo, huchovya kitambaa katika maji ya moto na kumkanda mzazi kiunoni, mgongoni na miguuni. Baada ya hapo tumbo hufungwa kwa mkaja, yaani kitambaa kirefu kinachozungushwa kiunoni ili kulishikilia. Neno mkaja lina safari yake ya kupendeza. Katika mambo ya ndoa ni haki ya mama wa bibi arusi, kama vile kilemba kilivyo haki ya babaye, na anayetoa mkaja huwa kana kwamba anamrudishia mama yule kitambaa alichofungwa siku alipomzaa binti huyo.

Chakula nacho kina taratibu zake. Pwani ni uji wenye pilipili manga na tangawizi, supu ya kuku na mchuzi mwepesi. Kwa Wagikuyu ni njahi na uji, vyakula ambavyo wanawake jirani na wa ukoo huenda navyo wanapomzuru aliyejifungua. Mexico wana siku arobaini zao, na Wachina huhesabu mwezi mmoja wa mzazi kukaa ndani. Jamii zilizo mbalimbali zilifikia uamuzi unaokaribiana.

Nao mwili unaafiki hesabu hiyo. Mara baada ya kujifungua, mji wa mimba huwa na uzito wa takriban kilo moja. Kufikia wiki ya 6 huwa umenywea hadi chini ya gramu 100. Wiki 6 ni siku 42, na ndio muda ambao wauguzi na madaktari nao huuita kipindi cha baada ya kujifungua.

HUKUMU ZA DINI

Katika sheria ya Kiislamu, damu inayomtoka mwanamke baada ya kujifungua huitwa nifasi. Maadamu inatoka, mwanamke haswali, hafungi saumu wala hakutani na mumewe kimwili. Swala za siku hizo hazilipwi. Saumu ya Ramadhani hulipwa baadaye. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, nifasi kwa kawaida huchukua siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Wahanafi na Wahanbali wanaweka ukomo kuwa siku 40.

Hapa pana kosa ambalo masheikh wamelisahihisha mara nyingi bila kulimaliza. Wanawake wengi huamini kwamba ni lazima zitimie siku 40 hata kama damu imekatika siku ya 20. Sivyo. Damu ikikatika mwanamke huoga josho na ibada zake hurejea. Arobaini ya kupumzika ni ya desturi. Nifasi ni ya sheria, na mwisho wake ni kukoma kwa damu. Anayezichanganya huenda akakosa ibada bila sababu, au, jambo ambalo ni baya zaidi, akaambiwa kuwa mradi amekwisha tohara basi na mapumziko yake yamekwisha, ashike mwiko apike.

Akika huchinjwa siku ya 7, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na ndiyo siku ambayo wengi humpa mtoto jina na kumnyoa nywele. Ni siku ya furaha na pia ya wageni wengi. Mama aliyeshonwa huketi kwa maumivu akipokea pongezi.

Wakristo nao wana hesabu hii katika maandiko yao. Sura ya 12 ya kitabu cha Mambo ya Walawi inampa mama wa mtoto wa kiume siku 7 na kisha 33, jumla 40, na mama wa mtoto wa kike mara mbili ya hizo. Injili ya Luka inasimulia jinsi Mariamu alivyotimiza siku hizo kabla ya mtoto kupelekwa hekaluni, tukio ambalo Kanisa Katoliki huliadhimisha Februari 2, siku ya 40 tangu Krismasi. Katika makanisa kadhaa ya Kenya ingali ada kwa mama kumleta mtoto mbele ya madhabahu na kushukuru. Mara nyingi anayeombewa ni mtoto. Ibada ya kale ya Kianglikana ya wakati huo ilikuwa ya kumshukuria mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameponea chupuchupu.

YA KUSHIKA NA YA KUACHA

Si kila kilichorithiwa kinafaa. Maji ya kukandia yakiwa moto kupita kiasi huunguza, hasa kwa mama aliyepasuliwa, ambaye kidonda chake hakipaswi kukandwa wala kubanwa kwa mkaja uliokazwa sana. Kulala kutwa bila kutembea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo mzazi apumzike lakini ainuke na kutembea humo ndani. Kitovu cha mtoto kisipakwe majivu wala samadi ya ng'ombe, mambo yaletayo pepopunda. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, hayakamuliwi na kumwagwa. Ndiyo kinga ya mwanzo ya mtoto. Asali asipewe kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta kupooza, na maji yasubiri hadi miezi 6.

Na kuna hali ambazo hazingoji arobaini wala mkunga: damu inayolowesha pamba moja baada ya nyingine, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kuumwa kichwa vikali na kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana. Kuvuja damu kungali miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazazi, na aghalabu hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Mtu akisema mwanamke huyu asitolewe nje kabla ya siku zake, ajibiwe kuwa kwenda hospitali si kutoka nje.

MACHOZI YASIYO NA JINA

Kufikia siku ya 3 au ya 4, wanawake wengi hujikuta wakilia bila kujua wanalilia nini. Homoni zilizokuwa zimepanda kwa miezi 9 zimeshuka kwa siku chache, maziwa yanajaa na usingizi haupo. Hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wazazi na hutoweka yenyewe ndani ya wiki 2. Haihitaji dawa. Inahitaji mtu wa kumchukua mtoto kwa saa mbili mama alale.

Isipotoweka, au ikija baadaye na kuzidi, ni jambo jingine. Wataalamu huiita sonona baada ya kujifungua. Mama hakosi tu furaha. Hukosa hamu ya chakula, hushindwa kulala hata mtoto anapolala, hujiona hafai, humwogopa mtoto au hamwonei chochote, na wakati mwingine huwaza kwamba wote wawili wangekuwa heri wasingekuwapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua ulimwenguni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea idadi hiyo inakaribia asilimia 20. Ni mmoja katika kila watano. Katika wodi yenye vitanda 10, ni wawili.

Nyumbani hali hii hupewa majina mengine. Husemwa anadeka. Husemwa ni mvivu, mbona mama mkwe alizaa tisa na hakulala kitandani. Husemwa ana shetani, au hana shukrani kwa Mungu aliyempa kile ambacho wenzake wanakililia. Lawama hii ya mwisho ndiyo inayofunga vinywa vingi, maana mwanamke mwenye imani hujiuliza mwenyewe swali hilo hilo kabla hajaulizwa.

Kipimo kinachotumiwa na wauguzi duniani kote kutambua sonona hii kina uhusiano na Afrika Mashariki. Ni maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, yaliyochapishwa mwaka wa 1987 na kuitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Mmoja wa waliokiunda, daktari wa akili John Cox, alikuwa amewachunguza wajawazito na wazazi nchini Uganda katika miaka ya 1970. Huko alikuta Waganda wana jina lao la wazimu unaompata mzazi, amakiro, na walisadiki kwamba unatokana na mwanamke kutembea nje ya ndoa akiwa na mimba. Walikuwa wameuona ugonjwa wenyewe barabara, hata hofu ya kwamba mama angeweza kumdhuru mtoto wake. Walichokosea ni kumtwisha mgonjwa hatia.

Wazimu huo kamili huwapata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, kwa kawaida katika wiki 2 za mwanzo. Mama hasikiliziki, halali kabisa, husikia sauti, husema mtoto amebadilishwa. Huyu hapelekwi popote pengine ila hospitali, siku hiyo hiyo, na haachwi peke yake na mtoto. Sonona ya kawaida hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, na ikibidi kwa vidonge, vikiwamo vile kama sertraline ambavyo mama anayenyonyesha anaweza kuvitumia chini ya uangalizi wa daktari. Dua na maombi havikinzani na vidonge. Kiongozi wa dini anayemwombea mzazi na kisha kumwandamanisha hadi kliniki amefanya kazi mbili njema, na wapo wafanyao hivyo.

Yupo pia mzazi asiye na mtoto wa kubeba. Aliyejifungua mtoto mfu, au aliyempoteza siku za mwanzo, ana nifasi, ana mshono na maziwa yake yatajaa siku ya 3 kama ya mwingine yeyote. Wageni huja siku moja kumpa pole, kisha hakuna wa kumkanda. Arobaini yake ni haki yake kamili, na pengine ndiye anayeihitaji zaidi.

MJINI, ARUSI ZA JANA ZIKO MBALI

Katika nyumba ya chumba kimoja jijini Nairobi, mama yuko kijijini, dada yuko kazini, jirani hajulikani jina. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwajiriwa aliyejifungua miezi 3 ya likizo yenye malipo kamili, na mumewe wiki 2. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini mwenye kuuza mboga sokoni au kufua nguo za watu hana mwajiri wa kumdai. Huyo arobaini yake ni siku ambazo akiba itaruhusu.

Sheria imekuwa ikijua jambo ambalo jamii hulikana. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakimhesabu kuwa muuaji wa kukusudia mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, ikiwa akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu ya uzazi au ya kunyonyesha. Hushtakiwa kwa kosa jepesi zaidi. Na Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza kuwa kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Mzazi mwenye mawazo hayo anaweza kuyasema mbele ya muuguzi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mzazi na mtoto waonwe ndani ya saa 24, tena baina ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Ziara hizo za kati ndizo zinazorukwa zaidi. Ile ya mwisho wengi huitimiza kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa katika wiki ya 6 mtoto hudungwa sindano ya kinga ya magonjwa matano na hupewa ya matone ya polio. Foleni ni ndefu, mtoto hupimwa uzito, kijitabu hutiwa alama. Swali kwa mama huchukua dakika moja: unalala, unakula, unajisikiaje moyoni? Asipoulizwa, na aseme mwenyewe, au aliyemsindikiza amsemee, kabla hawajaitwa wa nyuma yao.