Lile Gari Si Chuma Chakavu

Juzi nikisafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, tuliipita Peugeot 404 kuukuu, imelemewa na magunia ya mkaa. Kijana jirani yangu akacheka: "Chuma chakavu hicho!"

Nikamweleza. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 aliuleta Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza mbio, ingawa yaliyoanza yalizidi 80. Matope yetu ndiyo yaliyolipa sifa.

Leo tunaliuza kwa kilo. Kabla hujaliuza la mzee wako, mwulize kwanza lilimfikisha wapi.