Wanafunzi Waliopima Mitaro ya Dar es Salaam

Mwanafunzi akiulizwa ramani ni nini, hujibu upesi kwamba ni picha ya nchi iliyochorwa kwa kipimo. Jibu hilo ni sahihi, nami nimelitia alama ya vyema katika madaftari mengi. Lakini kuna jambo halilitaji: ramani huchorwa na mtu, na mtu huyo huchagua la kutia na la kuacha. Hata mwaka wa 2009 wakazi wa Kibera walipotazama ramani za Nairobi waliona mahali pao pameachwa patupu, ingawa palijaa nyumba, maduka, shule na makanisa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vijana 13 wa Kibera wenyewe, wakifundishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walianza kupita vichochoroni wakiwa na vyombo vidogo vya mkononi vipokeavyo ishara za satelaiti, wakapajaza palipokuwa patupu.

Kazi hiyo haikukaa Kenya peke yake. Katika mwezi wa Agosti 2011 ilifika Tandale, kata mojawapo ya Dar es Salaam ambayo nyumba zake zilijengwa kabla ya mpimaji kufika. Kata, huko Tanzania, hugawanywa katika mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti wake na serikali yake ndogo. Hapo Tandale vijana wa mitaani walishirikiana na wanafunzi wa mipango miji kutoka Chuo Kikuu cha Ardhi, chuo ambacho asili yake ni shule ya wapima ardhi iliyoanza mwaka wa 1956. Walitembea pamoja. Mwanafunzi alijua chombo, kipimo na kompyuta. Kijana wa Mtogole au wa Pakacha alijua njia ipi hupitika na ipi huishia uani kwa mtu. Waliandika visima, vyoo, majalala na mitaro, kisha wakayatia yote katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiongeza na kuitumia pasipo malipo.

Miezi minne baadaye, mnamo Desemba 2011, ilinyesha mvua ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam hawakuwa wameona mfano wake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu walihamishwa mabondeni, wengine wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na kazi zao. Ramani haizuii maji. Asiwepo wa kudhani kwamba karatasi ya Tandale ingaliokoa mji mzima. Mji huo, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2012, ulikuwa na watu 4,364,541, nao wengi wao walikaa katika sehemu zisizopimwa. Lakini swali lilikuwa limezuka, wala halikunyamaza mafuriko yaliporudi Aprili 2014: maji hupita wapi, na hukwama wapi?

Kwa ajili ya swali hilo mwaka wa 2015 ulianzishwa mradi ulioitwa Ramani Huria, nalo ni jina zuri, kwa kuwa kilicho huria hakina mwenye kukifungia kabatini. Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania na Chama cha Msalaba Mwekundu vilishiriki. Lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa kila kata. Walipima mitaro mmoja mmoja: upana wake, kina chake, umejengwa kwa saruji au umechimbwa udongoni tu, uko wazi au umezibwa na taka. Kisha waliwauliza wakazi maji yalifika wapi. Hapo ndipo mwanafunzi alipogeuka kuwa mwanafunzi kweli kweli, maana hakuna kitabu chuoni kilichoandika kwamba maji katika nyumba fulani yalifika magotini, na katika ile ya jirani yakafika kifuani. Aliyejua ni mama aliyewabeba watoto wake usiku ule.

Si kila mlango ulifunguliwa kwa furaha, wala mimi siwalaumu waliosita. Katika miji yetu mgeni mwenye daftari na kamba ya kupimia mara nyingi huja mbele ya tingatinga. Mwezi wa Desemba 2015, mwaka ule ule wa Ramani Huria, serikali ilibomoa mamia ya nyumba katika Bonde la Mto Msimbazi, baada ya alama ya X nyekundu kupakwa kutani. Alama ile nayo ni ramani ya namna yake, ila mwenye nyumba hakuulizwa aichore wapi. Nadhani hii ndiyo sababu iliyofanya kibali cha mwenyekiti wa mtaa, na uso wa kijana aliyezaliwa hapo, viwe na thamani kuliko chombo chochote.

Sehemu inayonipendeza kuliko zote ni ile ya mashina. Tangu miaka ya 1960, chama cha TANU kilipounda nyumba kumi kumi, mitaa imegawanyika katika mashina, na kila shina lina mjumbe anayejua nani mgonjwa, nani mzee asiyeweza kukimbia, nani amehamia juzi. Mipaka ya mashina haya ilikuwa vichwani mwa wajumbe tu. Maji yakipanda usiku, ni mjumbe apaswaye kubisha hodi, lakini ofisi za mji hazikuweza kusema nyumba ipi ni ya mjumbe yupi. Basi miaka iliyofuata Ramani Huria iliiendea mipaka hiyo. Mjumbe alitangulia, mwanafunzi akafuata na simu yake mkononi, na kila kona mjumbe alipogeuka, alama ilitiwa.