Minyoo ya moyo wa mbwa: dawa yake hupimwa vipi?

Mbwa wangu wa ulinzi alipoanza kukohoa, jirani aliniambia ninunue ivamektini ya ng'ombe, nimdunge, yaishe. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo badala yake. Niliyojifunza naona yawafaa hata wasiofuga mbwa.

Minyoo ya moyo huletwa na mbu. Vijiminyoo anavyoviacha mbu kwenye ngozi ya mbwa huchukua kama miezi sita kukomaa, vikaishia katika mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo. Mnyoo jike hufika sentimita 30 na huishi miaka 5 hadi 7, akizaa watoto wanaozagaa kwenye damu wakingoja mbu mwingine.

Hakuna dawa moja inayotosha hatua zote hizo. Ivamektini ya kila mwezi, iliyoruhusiwa kwa mbwa Marekani mwaka 1987, ni kinga: huua vijiminyoo vichanga kabla havijafika moyoni. Kipimo cha ng'ombe kwa mbwa mwenye watoto wa minyoo tele kwenye damu chaweza kumwangusha papo hapo. Minyoo mikubwa huuliwa kwa melasomini, dawa yenye aseniki, inayodungwa ndani ya misuli ya kiuno.

Kwa hivyo mtafiti anayetazama damu tu kwa darubini hudanganyika. Damu yaweza kuwa safi na moyo umejaa. Kupima dawa ya kinga, mbwa hugawanywa makundi kwa kura, wote huambukizwa vijiminyoo, mara nyingi 50 kila mmoja, na kundi moja halipewi dawa. Baada ya miezi kadhaa mbwa huuawa, moyo na mapafu hupasuliwa, minyoo ikahesabiwa. Hilo lilinikera, na bado linanikera. Lakini ndiyo hesabu iliyo nyuma ya kidonge tunachokiamini. Majaribio mengine hufanywa kwa mbwa wa watu majumbani, kwa kipimo cha damu kinachonasa alama za minyoo majike.

Tena kuua minyoo si kumponya mbwa. Mizoga yake huvunjika ikaziba mishipa ya mapafu, kwa hivyo jaribio la maana huhesabu pia mbwa waliosalimika.

Njia nyingine ni ya kuzunguka. Ndani ya minyoo hii huishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo akimkosa hudhoofika na kuwa tasa. Doksisiklini humuua. Mnyoo wa matende, tunaoujua sana Pwani, ana bakteria huyo huyo. Katika kijiji cha Kimang'a, Pangani, wagonjwa walipewa doksisiklini kwa wiki 8, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba baada ya miezi 14 minyoo hai ilionekana kwa watu 6 kati ya 27 waliopata dawa, na 24 kati ya 27 wa kundi la pili. Wao walitazamwa kwa mashine ya picha. Hakuna aliyepasuliwa.

Majibu ya mbwa wangu yametoka: anayo. Ameanza doksisiklini, sindano za melasomini zitafuata, na kwa miezi kadhaa haruhusiwi kukimbia. Nimemfunga chini ya mwembe. Jirani akipita ananiona katili.