Bwawa Lililotangulia Mashine Zake

Historia ya umeme wa maji Tanzania imezoeleka kuhesabiwa kwa megawati: Hale 21, Kidatu 204, Kihansi 180. Hesabu hiyo inaitukuza mashine. Mto Ruaha Mkuu unatuonyesha kwamba uhai wa kituo uko kwenye akiba ya maji, na mashine ni mlaji tu wa akiba hiyo. Tuitazame Kidatu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1975. Maji huacha bwawa, huingia kwenye handaki lililochimbwa mlimani na kushuka kimo cha mita 175 hadi kwenye kituo kilichofichwa ndani ya mwamba. Huko bomba hujikunja kama ganda la konokono kulizunguka gurudumu la tabaini. Mabapa ya chuma hufunguka au kujibana kadiri umeme unavyohitajika, gurudumu huzunguka, na mhimili wake uliosimama wima huizungusha sumaku ya jenereta katikati ya nyaya za shaba. Transfoma huupandisha umeme hadi kilovolti 220, ukaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini ina kiu: kwa kimo hicho, mashine zote nne za megawati 51 zikienda kwa nguvu kamili hunywa karibu mita za ujazo 130 kila sekunde. Bwawa la Kidatu hubeba milioni 125 hivi. Mto usipoleta kitu, litakauka kwa siku 11.

Ndiyo maana awamu ya pili, iliyokamilika 1980, haikuongeza mashine peke yake. Juu zaidi ya mto, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa bwawa la Mtera lenye akiba ya kutumika ya mita za ujazo bilioni 3.2, zinazotosha kuilisha Kidatu kwa takriban miezi tisa. Mashine za Mtera yenyewe, megawati 80, zilikuja 1988. Kwa miaka yote ya kati, Mtera haikuzalisha hata uniti moja, na bado Kidatu iliishi kwa maji yake.

Wapo watakaosema Mtera ni pana mno, zaidi ya kilomita za mraba 600 likijaa, na jua la Dodoma hulinyonya. Ni kweli, na hasara hiyo si ndogo. Lakini mvua za huko hunyesha msimu mmoja. Bila bwawa, mafuriko ya Machi yangepita yote na Oktoba ikabaki mikono mitupu. Wengine watauliza: mbona mgawo wa umeme wa 2006 ulitukuta na bwawa tunalo? Swali hilo linaipa hoja yangu nguvu. Mashine zilikuwepo, kilichokosekana ni maji. Mtera hujaa kwenye mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Akiba yote ya kutumika imo ndani ya mita hizo nane na nusu.