"Hwaiting!": Neno la ngumi lililogeuka kuwa la kutia moyo

Kama unafuatilia tamthilia za Kikorea, hii umeiona mara kibao: binti anaingia kwenye usaili wa kazi, moyo unamdunda, rafiki yake anakunja ngumi, anatabasamu na kumwambia, "Hwaiting!" Hapo hakuna ugomvi wowote. Anamwambia kaza, utaweza.

Neno lenyewe limetoka kwenye kitenzi cha Kiingereza "fight", yaani kupigana. Ni la zamani hilo! Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema "feohtan", na ndugu yake wa Kijerumani, "fechten", mpaka leo ni kupambana kwa upanga.

Sasa lilifikaje Seoul likiwa limepoa hivyo? Inaelezwa kuwa lilipitia Japani, ambako "faito" ni kelele ya kuwapa morali wanamichezo. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na maneno mengi ya Kiingereza yaliingilia mlango huo. Kwa kuwa Kikorea hakina sauti ya F, wengine wakasema "paiting", wengine "hwaiting". Kutoka viwanjani likahamia shuleni, maofisini, mpaka majumbani.

Kasheshe inaanza Mkorea anapojifunza Kiingereza. Akimwambia Mmarekani "Fighting!" kabla ya mtihani, mwenzake anabaki kushangaa: tupigane na nani? Hapo ndipo anaambiwa hicho ni Kiingereza cha kuungaunga, aseme "good luck". Hata kwao kuna walioona si sawa. Miaka ya 2000, taasisi ya taifa ya lugha ya Kikorea ilipendekeza watu waseme "aja". Wapi! "Hwaiting" ikaendelea kupeta.

Halafu kibao kikageuka. Septemba 2021, kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilitangaza kuingiza maneno 26 yenye asili ya Korea, na "fighting" ya kutia moyo ikiwemo. Yaani Kiingereza kimerudishiwa neno lake likiwa na maana mpya, na kimelipokea.

Bongo nako ni hivyohivyo. "Keep left" ilikuwa amri ya kushika kushoto. Leo kipilefti ni mzunguko wa barabarani, vikiwa viwili ni vipilefti, na hakuna anayeona aibu. Neno ukiliazima ukaishi nalo, linakuwa lako.

Mwenye mtihani au usaili wiki hii: hwaiting!